Nagonga mlango, narudishwa barabarani

Na Mwandishi Wetu, Chato

MWALIMU aliiweka simu mezani, akaisogeza upande wangu, akasema: "Haya, isikilize tovuti yako."

Tulikuwa barazani kwake, pembezoni mwa mji wa Chato, saa kumi na moja jioni, upepo wa ziwani ukianza kupoza mabati. Simu ikaanza kuongea. Iliongea mbio kama dalali wa mnadani, na masikio yangu yalidaka neno moja katika matatu. Yake yalidaka yote. Kila alipotelezesha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, simu ilitaja kitu kimoja ikatulia.

"Mwanzo, kiungo." Akatelezesha. "Kuhusu Sisi, kiungo." Akatelezesha. "Huduma Zetu, kiungo."

Hapo kidole kikasimama. Fomu ya mkopo aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ndani ya Huduma Zetu. Nilijua, kwa kuwa niliiweka mimi. Katika kompyuta yangu, ukipeleka kishale cha kipanya juu ya maneno hayo mawili, orodha inashuka kama pazia: Akiba, Hisa, Mikopo, Fomu. Mwalimu akagonga kioo mara mbili, ndivyo anavyobonyeza mtu anayetumia simu inayosema. Simu ikajibu: "Mwanzo, kiungo."

Akatelezesha tena mpaka Huduma Zetu, akagonga tena. "Mwanzo, kiungo."

"Umesikia?" akaniuliza. "Nagonga mlango, narudishwa barabarani."

Mwalimu, aliyeomba jina lake lisiandikwe, alifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi na haoni kabisa. Ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo kilichonipa kazi ya kukitengenezea tovuti. Kando ya uandishi, hiyo ndiyo kazi inayonisaidia kulipa kodi ya nyumba. Siku ya mkutano mkuu tovuti iliangazwa ukutani kwa projekta, wanachama wakapiga makofi. Mwalimu naye alikuwapo, akapiga makofi na wenzake. Aliporudi nyumbani akaifungua. Tangu siku hiyo, kila akiwa na shida na chama hupanda bodaboda hadi steshenari ya mjini, kijana wa pale amfungulie ukurasa, amsomee, amjazie.

"Kijana ni mwema sana," alisema. "Lakini sasa anaijua pensheni yangu, analijua deni langu, anamjua na aliyenidhamini. Ungekuwa wewe ungependa?"

Nilinyamaza. Kosa halikuwa la chama wala la kijana wa steshenari. Lilikuwa la orodha ile inayoshuka kama pazia, na pazia nililishona mwenyewe.

Menyu tunayoijua sote

Kitu chenyewe kina jina katika simu na programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili: menyu kunjuzi. Juu ya ukurasa kuna maneno machache, na chini ya kila neno kumekunjwa mengine. Imekuwa desturi ya tovuti karibu zote kubwa. Fungua tovuti za halmashauri zetu na utakutana na mpangilio unaofanana: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi, Machapisho, Kituo cha Habari. Chini ya Utawala zimekunjwa idara na vitengo, na chini ya idara kuna majina mengine tena. Bila kukunja, ukurasa wa kwanza ungejaa maneno matupu.

Ajabu ni kwamba watu wa huku ni mabingwa wa menyu. Nenda mwalo wa Kasenda alfajiri, dagaa wakiwa bado wanamwagwa kwenye turubai. Mama mwenye simu ya kitochi anabonyeza *150*00#, anasoma, anabonyeza tarakimu, anasoma tena, anabonyeza nyingine, na pesa ya mzigo imekwenda. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, Watanzania wa kila kisomo wamejifunza kupita orodha ndani ya orodha bila mtu kuwafundisha darasani.

Ukiitazama menyu hiyo kwa jicho la fundi, utaona kwa nini inamkubali kila mtu. Haifunguki kwa bahati mbaya, inangoja ubonyeze. Kila kitu kina namba na jina. Ukipotea, ipo namna ya kurudi nyuma. Haidai kipanya, haidai rangi, wala haidai ujue kidole kipo sehemu gani ya kioo. Simu inayosema huisoma yote kama ilivyoandikwa.

Mwalimu anaitumia kila wiki, na hana haja ya kuipamba. "Ina haraka," anasema. Mtandao unahesabu sekunde, na msikilizaji ambaye bado anasomewa chaguo la tano anajikuta ametolewa nje, aanze upya. Namba ya siri nayo huandikwa waziwazi kwenye kisanduku, hivyo asipovaa hedifoni, simu yaweza kuitaja mbele za watu. Hata hivyo menyu hiyo ya herufi tupu, isiyo na picha hata moja, inamfikisha anakokwenda. Yangu, yenye rangi za chama na pazia linaloteleza, ilimshinda.

Ilianzia kwenye kipanya

Menyu ya kufunguka kwa kupitisha kishale ina historia, na inasaidia kuijua ili tusidhani ilishuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mafundi waliitengeneza kwa msimbo mrefu na mzito. Novemba 2003 vijana wawili, Patrick Griffiths na Dan Webb, walichapisha katika jarida la A List Apart njia nyepesi: orodha ya kawaida, kanuni chache za mtindo, na mistari michache ya msimbo wa kusaidia kivinjari cha Internet Explorer. Waliipa jina la yule samaki wa baharini anayejibandika kwenye papa, na njia yao ikaenea duniani.

Wakati huo mtu aliyeingia intaneti alikuwa amekaa mbele ya meza, kompyuta mbele yake, kipanya mkononi. Kishale kilikuwa na uwezo ambao kidole hakina: kupita juu ya kitu bila kukigusa. Menyu nzima ilijengwa juu ya uwezo huo.

Sasa hesabu ni wangapi Chato wanaofungua tovuti kwa kipanya. Hapa intaneti ni simu na bando. Kidole ama kimegusa kioo ama hakijagusa, hakielei. Vivinjari vya simu hujitahidi kubahatisha mgusaji alitaka nini, na mara nyingi hupatia. Kwa anayetumia programu ya kusoma skrini, kubahatisha huko si jambo la kulitegemea.

Kuficha mno na kuficha nusu

Nilipofungua msimbo wangu usiku ule, nilikuta kosa si moja.

La kwanza ndilo lililomrudisha Mwalimu barabarani. "Huduma Zetu" nilikuwa nimeliandika kama kiungo, yaani kitu cha kumpeleka mtu ukurasa mwingine, lakini sikukipa pa kwenda. Niliweka alama ya reli peke yake, #, kama wafanyavyo mafundi wengi wanaotaka kiungo kitulie mahali pake. Kwa kivinjari, alama hiyo peke yake maana yake ni "nenda juu kabisa ya ukurasa." Simu haikumdanganya Mwalimu. Ilitii nilichoandika.

La pili ni orodha yenyewe. Niliifuta kabisa kwenye ukurasa mpaka kishale kipite juu ya jina lake. Kwa kuwa kishale hakikuwapo, kwa Mwalimu orodha haikuwa imefungwa, haikuwapo. Hakuna sauti iliyomwambia kwamba chini ya maneno yale kuna maneno mengine.

Lipo kosa lililo kinyume cha hilo, na nililifanya katika menyu ya upande wa kulia. Pale niliificha orodha kwa kuifanya iwe angavu kama kioo, isionekane kwa macho, ila kwa mashine bado ipo. Atumiaye kibodi, kwa mfano mtu ambaye mkono unamtetemeka na hawezi kutuliza kipanya, akibonyeza kitufe cha Tab anaingia ndani ya orodha asiyoiona. Anabonyeza mara moja, mara sita, mara tisa, na kwenye skrini hakuna kinachosogea. Atadhani kompyuta imeganda.

La tatu lilinishangaza zaidi, kwa sababu ndilo nililolifanya kwa nia njema. Nilikuwa nimesoma juujuu kwamba kuna lebo za kusaidia wasioona, nikabandika mojawapo inayotangaza kuwa kitu fulani ni "menyu." Lebo hiyo imo katika kanuni zinazoitwa ARIA, zilizokamilishwa toleo lake la kwanza mwaka 2014. Ila "menyu" inayokusudiwa pale ni ile ya programu kama ya kuandikia barua, inayopitwa kwa vitufe vya mishale. Ukiibandika, programu ya kusoma skrini inamwambia mtumiaji atumie mishale, na mimi mishale sikuitengenezea kazi yoyote. Ni sawa na kuandika "Choo" kwenye mlango wa stoo.

Na la nne dogo, la kuchekesha kama lisingekuwa linaudhi. Juu kabisa ya kila ukurasa wa tovuti huandikwa lugha yake kwa herufi mbili. Kiolezo nilichokinunua kilikuwa cha Kiingereza, nami sikubadilisha. Kwa hiyo mtu akiifungua kwa kompyuta yenye sauti za lugha nyingi, Kiswahili chote kinasomwa kwa ulimi wa Kiingereza. Mwalimu aliniigizia "Huduma Zetu" ikitamkwa hivyo, tukacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Si wasioona peke yao

Ni rahisi kusema haya ni mambo ya watu wachache. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Katika kila kumi utakaokutana nao stendi, mmoja na ushee.

Kanda ya Ziwa ina sababu yake ya ziada ya kulitazama jambo hili. Hapa tuna ndugu zetu wengi wenye ualbino, na kumbukumbu ya mateso waliyopitia katika miaka ya 2000 bado ni mbichi. Shule ya Buhangija, Shinyanga, iligeuka kimbilio la watoto waliokuwa wakiwindwa. Tunapozungumzia ualbino tunazungumzia ngozi na jua, na tunasahau macho. Walio wengi wana uoni hafifu, macho huchezacheza bila wao kutaka, na mwanga mkali huwaumiza. Mwanafunzi wa aina hiyo hahitaji simu inayosema. Anakuza maandishi mpaka neno moja linajaza kioo.

Menyu ya kupitisha kishale humfanyia mtu huyu mchezo mbaya. Ameukuza ukurasa mara nne, anaona kipande tu. Orodha inafunguka nje ya kipande hicho. Akisogeza kishale kuitafuta, kishale kinatoka juu ya jina, orodha inajifunga. Akirudi, inafunguka, akiifuata, inafungwa. Baadhi ya mafundi wanaongeza dhuluma juu yake kwa kuweka amri inayozuia ukurasa usikuzwe kwenye simu, eti mpangilio usiharibike.

Kisha kuna sisi wengine. Mvuvi mwenye vidole vilivyolowa. Mchimbaji mdogo anayeangalia bei ya dhahabu, simu imepasuka kioo. Bibi mwenye mtoto wa jicho. Mwenye duka anayesoma simu juani saa saba mchana, maandishi ya kijivu kwenye kijivu yakiyeyuka machoni. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja kila mwaka. Mwaka 2024 lilikuta asilimia 95.9 zina makosa ya ufikivu yanayoweza kugunduliwa kwa mashine, na lililoongoza ni maandishi yasiyotofautiana vya kutosha na rangi ya nyuma yake. Hilo halihitaji uwe kipofu likukere. Linahitaji jua tu, na jua tunalo.

Kukunja si kosa

Nilipomwambia Mwalimu kwamba nitaondoa kukunja kote, kila kitu kiwe wazi, alinikatalia.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu. Tovuti yenu ina maneno mangapi pale juu?"

Nikahesabu. Thelathini na moja.

"Basi kila nikifungua ukurasa utanipitisha kwenye maneno thelathini na moja kabla sijafika kwenye habari. Wewe unayaruka kwa jicho. Mimi nayapita moja moja kwa kidole."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mafundi wengi tunalikosa. Anayesikiliza ndiye anayehitaji kukunjwa kuliko anayeona. Jicho linatazama orodha nzima mara moja. Sikio linapokea neno kwa neno, kwa foleni. Orodha iliyokunjwa vizuri humwokolea muda. Kinachomuumiza ni iliyokunjwa kimya kimya.

Fikiria stendi. Anayeona anasoma kibao kwenye kioo cha gari. Asiyeona anamtegemea konda: "Katoro, Geita! Katoro, Geita! Bado wawili!" Kwa pumzi moja konda ametaja gari linakwenda wapi, na kwamba mlango haujafungwa. Menyu nzuri hufanya kazi ya konda. Inasema jina lake, inasema ni kitu cha kubonyezwa, na inasema kwa sasa imefunguka au imefungwa. Yangu ilikuwa gari limeegeshwa, kibao kimeandikwa kwa rangi nzuri, konda hayupo.

Jinsi nilivyoishona upya

Kwa mafundi wenzangu, na kwa wenye ofisi wanaotulipa, nieleze kazi ilivyokuwa. Ilichukua jioni mbili, na msimbo ukawa mfupi kuliko wa mwanzo.

"Huduma Zetu" niliacha kukiita kiungo, nikakiita kitufe. Inaonekana ni kubadilisha jina, lakini vivinjari vimefundishwa kitufe ni nini: Tab inakifikia, Enter inakibonyeza, nafasi inakibonyeza, na simu inakitaja kwa jina lake. Yote hayo unayapata bure kwa kutumia neno sahihi la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Ukichukua kisanduku kitupu ukakipaka rangi kifanane na kitufe, itakubidi uyaandike yote kwa mkono, na utasahau moja.

Juu ya kitufe niliweka sifa moja ya ARIA, aria-expanded. Orodha ikiwa imefungwa, thamani yake ni false. Ikifunguliwa, msimbo unaibadili kuwa true. Neno hilo dogo ndilo konda. Mtu anayeona anatazama kimshale kando ya jina kikigeuka juu au chini. Asiyeona anasikia hali ileile.

Orodha niliiweka, ndani ya msimbo, mara tu baada ya kitufe chake. Mwalimu akishaifungua, kutelezesha kidole mara moja kunamwingiza ndani. Ikifungwa, imefungwa kwa wote, kwa jicho na kwa mashine. Na nikaiacha iwe orodha halisi, ili programu iweze kumwambia msikilizaji kwamba vitu ni vinne, naye ajue safari ina vituo vingapi.

Atumiaye kibodi nilimpa Esc: akiibonyeza, orodha inajikunja na yeye anarudishwa kwenye kitufe alichotoka. Nikarudisha pia ule mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa, ambao nilikuwa nimeuondoa kwa sababu mhasibu wa chama aliuona mbaya. Bila mstari huo, mwenye kibodi anatembea gizani. Nikaweka juu kabisa kiungo cha "Ruka hadi kwenye maudhui", kwa wale wasiotaka menyu hata kidogo.

Kwa simu kulikuwa na vile vimistari vitatu vya pembeni, alama iliyochorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Mwenye macho anavijua. Simu inayosema ilikuwa ikisema "kitufe" na kunyamaza, kwa kuwa sikukipa jina. Nikakiita "Menyu". Nikakipanua pia: miongozo ya Android inapendekeza eneo la kugusa lisipungue vipimo 48 kila upande, karibu milimita 9.

Kisha nikafuta lebo ya "menyu" niliyoiiga, na nikaandika herufi mbili za lugha: sw.

Kujaribu nako hakuna gharama. Weka kipanya pembeni, ufungue tovuti kwa Tab, Enter na Esc tu. Baadaye ingia mipangilio ya simu, washa TalkBack inayosoma skrini kwa sauti, funika kioo kwa kanga, utafute fomu. Kwenye kompyuta ipo NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ni ya bure. Ukishindwa kuifikia fomu uliyoiweka kwa mkono wako, mteja wako ataifikiaje?

Haki na wajibu

Wapo watakaosema huu ni uungwana tu, fundi akipenda. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inataja teknolojia ya habari na mawasiliano, ikiwemo intaneti, pamoja na barabara na majengo. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Jirani zetu Kenya wamekwenda hatua mbele: mwaka 2022 walitoa kiwango cha kitaifa, KS 2952, cha ufikivu wa bidhaa na huduma za kidijitali. Duniani, mwongozo unaofuatwa zaidi ni WCAG, ambao toleo lake la 2.1 la mwaka 2018 linazungumzia moja kwa moja vitu vinavyotokea kwa kupitisha kishale: mtu aweze kuvifunga, aweze kuvifikia bila kutoweka, na vikae mpaka yeye atakapoondoka.

Jambo hili lina pesa ndani yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Siku hizi maombi yanahamia mtandaoni, kama zilivyohamia ajira na zabuni za serikali. Ile asilimia 2 imetengwa kwa kundi ambalo huenda likasimama mlangoni na kusikia "Mwanzo, kiungo" mpaka bando liishe.

Kuna upande wa matumaini. Kwa kuwa tovuti nyingi za halmashauri zinafuata mpangilio unaofanana, marekebisho mazuri yakifanywa kwenye kiolezo yanaweza kuzifikia nyingi kwa mara moja. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Fundi binafsi kama mimi hana bahati hiyo. Anarekebisha mlango mmoja mmoja.

Barazani, mara ya pili

Nilirudi kwa Mwalimu Jumamosi iliyofuata. Nikamwamkia, akaitikia, mkewe akaleta chai na viazi vitamu. Simu ikawekwa mezani kama siku ile.

"Menyu, kitufe." Akagonga mara mbili. Akatelezesha: Mwanzo. Kuhusu Sisi. Kisha simu ikataja Huduma Zetu, ikasema ni kitufe, ikasema kimekunjwa. Nilimwona akiinua nyusi. Akagonga. Kimekunjuliwa. Akiba. Hisa. Mikopo. Fomu.

Aligonga Fomu, akachagua ya mkopo wa dharura, faili likafunguka. Muda wote sikupumua sawasawa. Mwalimu akatelezesha kidole kutafuta mstari wa kwanza.

Simu ikanyamaza.

Akatelezesha tena. Kimya. Akaniuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeandika jibu nusu: "Hii fomu mliichapa, au mliipiga picha?"

Ilikuwa picha. Karatasi ya ofisini, yenye mhuri wa zambarau pembeni, iliyopitishwa kwenye skana na kupandishwa kama ilivyo. Kwa macho yangu ilikuwa na maneno mia mbili. Kwa simu yake haikuwa na hata moja.

"Basi mlango umefunguka," alisema akinisogezea kikombe. "Sasa washa taa. Kunywa chai kwanza."

Usiku huo nilikaa na karatasi ile mkono wa kushoto na kibodi mbele yangu, nikaanza kuichapa upya kuanzia mstari wa kwanza: Jina kamili la mwombaji.